Kobe wa nyumbani: maswali na majibu kuhusu afya yake na yako

Kobe hapigi kelele. Akiwa na njaa hanung'uniki, akiumwa halii, na ugonjwa wake unaweza kukaa miezi mingi kabla haujaonekana kwa macho. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara na watu wanaofuga kobe wa nchi kavu au wanaofikiria kumfuga. Kobe wa maji baridi wana mahitaji yao mengine, sitawagusa.

Je, kobe anaweza kuniambukiza ugonjwa?

Anaweza. Wa kuangaliwa kwanza ni salmonela, bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa kobe bila kumdhuru. Kobe mwenye macho maangavu na hamu nzuri ya kula anaweza kuwa anawatoa kupitia kinyesi, nao wakabaki kwenye gamba, kwenye miguu, kwenye udongo anaolalia na kwenye beseni lake. Kwa binadamu huleta kuhara, homa na msokoto wa tumbo, kwa kawaida kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuwameza. Wengi hupona ndani ya siku 4 hadi 7 bila dawa yoyote zaidi ya kunywa maji ya kutosha. Wanaoweza kuzidiwa ni watoto wa chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na watu wenye kinga dhaifu. Kwao bakteria huweza kutoka utumboni na kuingia kwenye damu.

Kinga yake haina gharama. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumshika kobe au kitu chake chochote. Beseni lake liwe lake peke yake, na maji yake machafu yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Asitembee mahali chakula kinapoandaliwa. Usimbusu, hata kama umekaa naye miaka ishirini.

Wapo wanaotaka kobe apimwe ili wawe na uhakika. Shida ni kwamba huwatoa bakteria hao kwa vipindi, leo wapo kwenye kinyesi, wiki ijayo hawapo. Kipimo kimoja kikija safi hakithibitishi kitu. Kumpa antibiotiki "kumsafisha" nako hakusaidii: bakteria hurudi, tena wakiwa sugu kwa dawa.

Nina mtoto wa miaka miwili. Nimtafutie kobe mdogo acheze naye?

Ningekuomba usubiri. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuwauza kobe wenye gamba fupi kuliko inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua salmonela kutokana nao. Kobe wa ukubwa huo anaenea mkononi mwa mtoto, na kinachoenea mkononi mwa mtoto huishia mdomoni.

Tena mtoto mchanga si lazima amguse kobe. Inatosha mtu mzima abadilishe maji ya kobe kisha achanganye maziwa ya chupa bila kunawa. Kama kobe tayari yuko nyumbani na mtoto akaanza kuhara, ukaona damu kwenye choo, homa kali, macho yamebonyea au mkojo umepungua sana, mpeleke hospitali mara moja. Na ukifika, mwambie daktari kwamba nyumbani mna kobe. Asipoambiwa, huenda asiulize.

Kobe wangu anaishi ndani, karibu na dirisha linaloingiza jua. Si inatosha?

Haitoshi, na hili nilijifunza kwa uchungu. Kobe wa kwanza niliyemlea nilimweka kila asubuhi kwenye kipande cha sakafu kilichopigwa na jua la dirishani. Alinyoosha shingo, akatandaza miguu ya nyuma, akafumba macho. Niliamini ameshiba jua. Siku moja nikiwa namfuta tope, kidole gumba kiligandamiza ukingo wa gamba. Likabonyea, kisha likarudi, kama chupa ya plastiki. Gamba la kinda aliyetoka kuanguliwa huwa laini kidogo, lakini huyu alikuwa ameshavuka umri huo.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Ngozi ya kobe hutengeneza vitamini D kwa msaada wa miale ya jua inayoitwa UVB, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Joto linapita, mwanga unapita, miale hiyo inabaki nje. Bila vitamini D, kalsiamu iliyo kwenye chakula hainyonywi vizuri, kwa hiyo mwili huanza kuichota mifupani. Gamba lenyewe ni mfupa: uti wa mgongo na mbavu za kobe zimeungana nalo. Ndiyo maana linalegea, taya zinalainika, miguu inapinda, na mwishowe kobe anashindwa kuinua mwili wake anapotembea.

Dawa bora ni jua la nje, moja kwa moja, huku kivuli kikiwa karibu ili ajiondokee mwenyewe akizidiwa na joto. Asiyeweza kumtoa nje anahitaji taa maalumu ya UVB, izimwe usiku. Taa hizo zina mtego wake: miale hupungua ilhali kwa macho yako balbu inawaka vilevile. Nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji.

Anahitaji joto kiasi gani?

Kobe hajitengenezei joto la mwili, analiazima. Mpe mahali pa kuota penye kama nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na upande mwingine wenye ubaridi, kama 22 hadi 25, achague mwenyewe. Kobe mwenye baridi hasagi chakula. Pima kwa kipimajoto, maana mkono wako unadanganya.

Ale nini?

Kwa kobe wa maeneo ya nyasi, kama kobe chui na sulcata (kobe mkubwa wa kusini mwa Sahara), jibu ni nyasi, nyasi kavu na magugu yenye majani mapana, yaliyochumwa mahali pasipopuliziwa dawa. Mpungate uliokwanguliwa miiba ni chakula kizuri sana, una maji na kalsiamu kwa pamoja. Majani na maua ya hibiskasi pia huyapenda.

Mkate, wali, maziwa na chakula cha mbwa mwondolee kabisa. Mwili wake umeumbwa kwa nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo, na protini ikizidi hulemea figo. Spinachi kila siku si wema pia, kwa kuwa ina oksalati, ambayo huifunga kalsiamu isitumike. Matunda yanategemea aina ya kobe: kobe wa miguu myekundu wa Amerika Kusini huyala hata porini, lakini wa nyasi akiyapata sana huharisha. Na akishaonja utamu atagomea nyasi. Usilegee. Kobe mzima mwenye afya akisusa siku mbili tatu hadhuriki, atazirudia nyasi.

Kweli kobe hahitaji maji?

Si kweli, na imani hii imewaua wengi. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni akiwa amesimama, dakika 15 hadi 20. Wadogo wafanyiwe kila siku au siku moja baada ya nyingine. Atainamisha kichwa, utaona koo likicheza anapokunywa, na mara nyingi atakojoa humohumo. Hapo angalia ule ute mweupe unaotoka na mkojo. Ukiwa laini kama dawa ya meno, hali ni njema. Ukiwa na chembechembe kama mchanga, kobe ana kiu ya muda mrefu, na chembe hizo zikikusanyika huwa mawe ya kibofu.

Maji yanahusu pia vile vichuguu vinavyoota juu ya gamba. Watu walilaumu protini peke yake kwa miaka mingi, lakini majaribio kwa sulcata wadogo yalionyesha kwamba ukavu wa hewa una mchango mkubwa zaidi. Kinda anahitaji maficho yenye unyevu.

Nitajuaje kwamba anaumwa?

Nunua mizani ya jikoni na uitenge iwe ya kobe tu. Mpime kila baada ya wiki mbili, andika kwenye daftari. Uzito ukishuka mara mbili mfululizo, tafuta daktari wa mifugo, ikiwezekana aliyezoea wanyama wa jamii hii.

Mapovu puani, kupumua mdomo wazi huku shingo imenyooka, au mlio wa filimbi anapovuta hewa: hizo ni dalili za ugonjwa wa njia ya hewa. Msisubiri. Kobe hana kiwambo kama chetu, ule msuli ulio chini ya mapafu, cha kumsaidia kukohoa kwa nguvu, kwa hiyo makohozi hukaa kwenye mapafu. Na kwa kuwa baadhi ya magonjwa hayo huambukiza, kobe mpya atengwe na wenzake kwa miezi mitatu au zaidi.

Nina dawa ya minyoo ya mbuzi. Naweza kumpa kidogo?

Soma kwanza kilichoandikwa kwenye chupa. Kama ni ivermektini, iweke mbali naye. Dawa hiyo inayosaidia wanyama wengi ni sumu kwa kobe: humpoozesha na kumuua, hata kwa kipimo kidogo. Minyoo ya kobe ina dawa zake, na kipimo hutolewa na daktari baada ya kuchunguza kinyesi.

Naweza kumtoboa gamba nimfunge kamba asipotee? Au kumpaka rangi?

Hapana. Chini ya magamba ya juu kuna mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Anasikia maumivu, na tundu ni mlango wa wadudu. Jenga uzio usiopenya macho, kwa sababu akiona nje atasukuma hapohapo kutwa nzima.

Atakua mpaka wapi?

Uliza hili kabla ya kumchukua. Sulcata anaanguliwa akiwa na urefu wa kama sentimita 5, na akikomaa anaweza kupita kilo 45. Kuhusu umri, yupo kobe aitwaye Jonathan, aliyepelekwa kisiwa cha Saint Helena, katika bahari ya Atlantiki, mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, na inakadiriwa alianguliwa karibu mwaka 1832. Huyo ni wa jamii kubwa, lakini hata kobe wadogo huishi miongo mingi. Fikiria nani atamrithi. Fikiria pia kibali: kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na nchi nyingi zina sheria zake kuhusu kuwafuga.

Siwezi kuendelea naye. Nimwachie porini?

Usimwachie. Atabeba magonjwa ya nyumbani hadi kwa kobe wa porini ambao hawajawahi kukutana nayo, na huenda yeye mwenyewe asijue pa kupata maji. Wasiliana na mamlaka ya wanyamapori au daktari wa mifugo wakusaidie kupata mlezi halali. Siku ya kumkabidhi, toa pamoja naye lile daftari la uzito, na umwandikie mlezi mpya anachokula, anapenda kulala upande gani wa banda, na taa yake ilibadilishwa lini.