Vyombo vya shaba vyenye umbo la mnyama

Katika sanaa ya Kiislamu ya zama za kati, kuanzia Iran hadi Andalusia (Hispania), mafundi walisubu shaba, yaani waliiyeyusha na kuimimina, kwa umbo la simba, ng'ombe, ndege, hata viumbe vya kubuni. Makavazi mengi huvionyesha kama sanamu, na hapo ndipo maana yake inapopotea. Vingi vyao ni vyombo vya kazi, vina uwazi ndani, na njia bora ya kuvisoma ni kutafuta matundu. Simba aliyetobolewa kifuani na shingoni ni chetezo. Ndege mwenye tundu la kujazia na mdomo wa kumiminia ni birika la kunawia mikono. Paa wa karne ya 10 kutoka Madinat al-Zahra, karibu na Cordoba, alikuwa wa chemchemi: maji yalipanda kupitia kibao alichosimamia yakatokea mdomoni.

Misikitini na katika misahafu maumbo ya viumbe hayakuwekwa. Vyombo hivi vilikuwa vya majumbani na vya makasri, na mara nyingi mwili wa mnyama ulichorwa maandishi ya Kiarabu ya kumwombea baraka mwenye chombo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Metropolitan Museum, New York: chetezo cha simba chenye kimo cha takriban sentimita 85, kazi ya Ja'far ibn Muhammad ibn Ali, cha mwaka 577 Hijria (1181–82). Kichwa hutoka, makaa na udi huwekwa ndani, kisha kichwa hurudishwa. Nakshi iliyotobolewa mwilini ina kazi mbili. Hutoa moshi, na huingiza hewa, kwani makaa yakikosa hewa huzima na udi hubaki haujaungua.

Kusubu kwenyewe kulifanywa kwa nta. Fundi hutengeneza kiini cha udongo, hukivika nta kwa unene anaoutaka shaba iwe nao, na juu ya nta huchonga manyoya, macho na maandishi. Huongeza vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya kuingizia shaba na ya kutolea hewa, kisha hufunika yote kwa udongo, na hiyo ndiyo kalibu. Kalibu ikichomwa, nta huyeyuka na kuacha nafasi ya kumiminia shaba. Kwa kuwa shaba ni nzito mara tisa hivi kuliko nta, kilo 1 ya nta hudai kilo 9 za shaba, ukiacha ile inayojaa mifereji.

Makosa hutokea hapa. Nta ikishatoka, kiini hubaki kinaning'inia, kwa hiyo hushikiliwa kwa misumari inayopita hadi kwenye udongo wa nje. Misumari ikiwa michache kiini husogea: ukuta mmoja huwa mnene, wa pili hutoboka. Udongo ukibaki na unyevu, mvuke hupasua kalibu wakati wa kumimina. Palipo pembamba, kama masikioni au kwenye nakshi ya matundu, shaba huganda kabla ya kujaa. Kuongeza madini ya risasi hufanya shaba itiririke vizuri zaidi, lakini risasi haichanganyiki kabisa na shaba. Ikipoa hubaki kama vitone ndani yake.

Ndiyo maana birika lililo katika makavazi ya Hermitage, Saint Petersburg, Urusi, linastahili heshima ya pekee. Ni ng'ombe anayenyonyesha ndama, na simba amempanda mgongoni akiwa ndiye mpini. Maandishi yake ya mwaka 603 Hijria (1206) yanasema wazi kwamba ng'ombe, ndama na simba walisubiwa wote kwa mara moja. Anayejua kalibu anaelewa kwa nini fundi alitaka hilo liandikwe.

Chombo kikihama, kazi yake husahaulika. Huko Pisa, Italia, kiumbe cha shaba chenye kichwa cha tai na mwili wa simba, kimo sentimita 107, kilikaa juu ya paa la kanisa kuu hadi mwaka 1828, kikiwa bado na dua za Kiarabu kwa hati ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye pembe) mwilini. Tumboni mna chombo kingine cha shaba kilichofungwa humo, na baadhi ya wataalamu wanaona kilikuwa cha kutoa sauti upepo unapopita.