Suti ya kuzamia katika bahari yenye joto: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mtu anayejiandaa kuzamia kwa mtungi katika bahari yenye joto huambiwa mambo mawili yanayopingana: kwamba hana haja ya suti hata kidogo, na kwamba akiitaka basi achukue yoyote yenye unene wa milimita 3, kwa kuwa ndiyo inayovaliwa na wengi. Ushauri wote huu hutolewa kwa nia njema, lakini unaacha nje mambo yanayoamua kama atafurahia mbizi yake ya tatu siku hiyo au atapanda chomboni akitetemeka: umbo la mwili wake, kina anachokiendea, muda atakaokaa chini, na namna suti inavyomkaa.

“Maji ya nyuzi 28 hayawezi kumtia mtu baridi”

Dhana hii inatokana na mazoea yetu ya hewani, ambako nyuzi 28 zinatosha kumfanya mtu atafute kivuli. Maji ni kitu kingine. Hupitisha joto takribani mara 24 kuliko hewa, kwa hiyo mwili wenye nyuzi 37 uliozungukwa na maji ya nyuzi 28 hupoteza joto wakati wote, hata pale ambapo ngozi inahisi raha. Mtu aliyetulia majini bila vazi huhitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 hivi ili joto analolipoteza lisizidi analolizalisha, na bahari chache mno hufika huko. Ndiyo maana mbizi ya kwanza ya dakika 45 hupita bila neno, na baridi ikaanza kubisha hodi katika ya pili au ya tatu, kwa sababu joto lililopotea asubuhi halijarudi lote. Mtu mwembamba na mtoto hupoa mapema zaidi, kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ikilinganishwa na uzito wao, na hawana mafuta mengi ya kuwakinga. Mwenzake mnene anayeogelea kando yake kwa fulana tu si kipimo cha kufuata.

Baridi hiyo si suala la starehe pekee. Mzamiaji aliyepoa hupumua kwa haraka zaidi na kumaliza hewa ya mtungi mapema, vidole vyake huwa vizito, na uamuzi wake huchelewa. Zaidi ya hayo, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana, hivyo gesi ya nitrojeni iliyoingia mwilini wakati wa kukaa kinani hutoka polepole wakati wa kupanda. Majaribio yaliyofanywa na jeshi la majini la Marekani yalionyesha kwamba wazamiaji waliokuwa na joto chini kisha wakapoa wakati wa kupanda walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua kutokana na viputo vya gesi mwilini. Na mpangilio huo wa joto kwanza na baridi baadaye ndio unaompata mtu aliyevaa pungufu ya mahitaji yake.

Tena ramani haiamui joto la maji. Visiwa vya Galápagos viko kwenye ikweta, lakini mikondo ya baridi na maji yanayopanda kutoka vilindini huwafanya wazamiaji wa huko wavae suti nene za milimita 5 hadi 7. Hata mahali ambapo maji ya juu ni vuguvugu, mzamiaji anaweza kushuka mita chache tu akakuta tabaka ambalo joto lake limepungua kwa nyuzi kadhaa ghafla. Swali la kuwauliza wenyeji wa mahali pa kuzamia ni maji yana nyuzi ngapi kwenye kina mtakachofika, wala si yana nyuzi ngapi ufukweni.

“Suti hutia joto kwa kuyapasha maji yaliyoingia ndani yake”

Hili limerudiwa mara nyingi hata limeonekana kuwa fizikia. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ambaye mwaka 1952 alikuwa akitafuta vazi la wazamiaji wa jeshi la majini, alitambua kwamba si lazima mtu awe mkavu ili awe na joto, ilimradi vazi lenyewe liwe na gesi iliyofungiwa ndani yake. Kinga iko kwenye vile viputo vidogo vya gesi ndani ya neopreni, yaani mpira laini ambao suti hizi hutengenezwa kwao. Maji yanayopenya hupashwa joto na mwili wako mwenyewe, yaani unayalipia kwa joto lako, na kila yanapotoka na mengine kuingia, unalipa upya. Suti nzuri basi ni ile inayoingiza maji machache na kuyazuia yasitembee. Kwa hiyo inafaa kuzichunguza kwanza shingo, zipu ya mgongoni, na miisho ya mikono na miguu, hata kabla ya kusoma unene ulioandikwa kwenye lebo.

“Ikiwa nene zaidi, ndivyo inavyofaa zaidi”

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, na kwenye mita 30 huwa mara nne. Mpira wenyewe haubonyei kwa kiasi cha kutajika, lakini gesi iliyomo hubonyea. Ingekuwa huru, kwenye mita 30 ingebaki robo tu ya ujazo wake. Suti iliyokuwa na milimita 3 juu ya maji haina tena unene huo kule chini, na ulinzi wake hupungua pale ambapo maji mara nyingi ndiyo huwa baridi zaidi. Anayezamia kwenye mita 8 juu ya matumbawe na anayeshuka mita 30 kando ya ukuta wa mwamba hawahitaji vazi moja, hata kama walitoka chombo kimoja.

Unene una gharama nyingine ambayo muuzaji huwa haitaji. Gesi ya neopreni huelea, kwa hiyo suti nene humlazimu mzamiaji kuongeza vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni ili aweze kushuka. Akifika kinani suti hujibana na kupoteza sehemu ya nguvu yake ya kuelea, naye hujikuta mzito na kulazimika kutia hewa nyingi zaidi kwenye jaketi la kuelea. Akipanda, hewa hiyo hutanuka na kutaka kumrusha juu kuliko alivyokusudia. Mzoefu hulimudu hilo bila kufikiri. Anayeanza huzama na kuibuka kama kizibo, na mara nyingi hujilaumu yeye mwenyewe kwa kosa lililoanzia dukani. Na kabla hata ya kuingia majini, aliyevaa suti nene nyeusi juani anaweza kuzidiwa na joto; heri aivae hadi kiunoni tu na kupandisha sehemu ya juu dakika za mwisho.

Kwa kipimo cha kuanzia, ambacho kila mtu atakirekebisha kwa mwili wake, maji ya nyuzi 29 na kuendelea huruhusu suti fupi au ndefu nyembamba ya milimita 1 hadi 2. Nyuzi 25 hadi 28, suti ndefu ya milimita 3. Nyuzi 21 hadi 24, milimita 5. Mwenye kusikia baridi haraka, au anayezamia mara tatu kwa siku kwa juma zima, apande ngazi moja.

Wapo wanaoamini kwamba suti ya wanaoteleza kwenye mawimbi itafaa kwa kuwa nayo ni neopreni. Majini itafanya kazi, lakini imeundwa kwa mtu anayebaki juu: mpira wake ni laini, una gesi nyingi na hunyumbulika sana, na sifa hizo ndizo zinazoufanya ubonyee upesi kinani na kuchakaa chini ya uzito wa mtungi.

“Chukua kubwa kidogo, isikubane”

Binafsi naona kosa hili ni kubwa kuliko makosa yote ya unene yakijumlishwa. Suti ya milimita 3 iliyokaa sawasawa huishinda ya milimita 5 yenye mifuko ya maji mgongoni. Suti ikiwa bado haijalowa dukani hubana kuliko itakavyobana majini, na hilo lisikutishe. Ivae kikamilifu, kisha nyanyua mikono, chuchumaa, kumbatia mabega yako na vuta pumzi hadi mwisho. Utazame makwapani, nyuma ya magoti na sehemu ya chini ya mgongo, kwani nafasi zinazobaki hapo ndizo zitakazojaa maji. Suti zilizokatwa kwa umbo la kike na zile za kiume hutofautiana hasa hapo. Hata hivyo kubana kuna mpaka. Kifua kisichopanuka vizuri huchosha, na shingo inayobana kupita kiasi hugandamiza mishipa mikubwa ya damu ambapo mwili hupima msukumo wa damu, kiasi kwamba mapigo ya moyo yanaweza kupungua na mtu kuona kizunguzungu. Ukisikia hivyo mbele ya kioo, irudishe.

Madai mengine yanajibika kwa ufupi. Kichwa hakipotezi nusu ya joto la mwili. Ni takribani sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, ingawa kofia nyembamba ya neopreni bado ni njia rahisi ya kuongeza joto bila kubadili suti. Bitana inayometameta kama madini inayosemekana kurudisha joto la mwili haina kazi kubwa majini, ambako joto huondoka kwa kugusana na maji zaidi kuliko kwa mnururisho. Vazi jembamba la likra hukinga jua, yavuyavu na matumbawe yanayowasha, lakini haliongezi joto la maana. Kukojoa ndani ya suti huleta uvuguvugu wa muda mfupi tu. Haja yenyewe ni ya kawaida, kwa kuwa mwili ukiwa majini hukusanya damu katikati na figo huongeza kazi, na anayeacha kunywa maji kwa kuihofia anajidhuru.

Mwisho kuna suti ya zamani anayoipenda mwenyewe. Neopreni iliyoshuka mara nyingi na kuanikwa juani hupoteza viputo vyake na kuwa ngumu, na lebo ya milimita 5 haibadiliki pamoja nayo. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada, ubavuni na kwenye nyonga: isiporudi upesi, au ikionekana nyembamba kuliko mpya ya unene huohuo, ihesabu kuwa ya milimita pungufu, kisha upange mbizi zako kwa hesabu hiyo.