Kwa nini Kiingereza hukimbia ukiitwa usimame darasani?

Binti wa kidato cha kwanza, Igombe, Mwanza, ameitwa aeleze kwa Kiingereza alivyoshinda Jumapili. Jana jioni, akimsaidia mama yake kuanua dagaa mchangani, aliijaribu sentensi hiyo mara kadhaa na ikatoka vizuri. Leo vidole vimeng'ang'ania ukingo wa dawati. "I was… I was…" Mtu wa nyuma anacheka. Binti anakaa, na darasa zima linaamini hajui.

Anajua. Ubongo huunga sentensi mahali padogo sana, kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, inayobeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Katika lugha uliyokulia maneno hujipanga yenyewe. Katika lugha ngeni unatafuta neno, unachagua wakati wa kitenzi, unachunga matamshi, yote kwa mpigo. Hofu ikiingia, nayo inadai nafasi palepale: watanicheka? Mwalimu mbona amekunja uso? Maneno hayajapotea, yamekosa pa kukaa.

Mwaka 1986 mtafiti Elaine Horwitz na wenzake, Texas, Marekani, walichapisha dodoso la kupima woga huu, lenye kauli 33. Mojawapo inamhusu mwanafunzi anayeingiwa na hofu hadi akasahau hata anayoyajua. Walisema woga wa lugha ni wa aina yake, na nakubaliana nao. Ukikosea hesabu, umekosea hesabu. Ukikosea lugha, unaona aibu wewe mzima: mtoto anayewavunja watu mbavu kwa Kisukuma ghafla anaongea kama wa miaka mitatu.

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uone kinyume chake. Wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo wanapatana bei kwa Kiswahili cha kuungaunga, na muuzaji hana muda wa kusahihisha ngeli. Anataka waelewane, mzigo upakiwe. Kosa halimgharimu mtu heshima, kwa hiyo wanaongea, na kwa kuongea wanajifunza.

Sasa mwalimu. Mwaka 1996 Horwitz huyohuyo aliandika kuwa walimu wanaofundisha lugha isiyo yao nao huogopa, na mwenye hofu huweza kuikwepa lugha hiyo darasani. Hilo nalijua mwilini. Wengi wetu walimu tulisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, tukaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza kama wanafunzi wetu wa leo. Siku niliyoamka nimechoka, madaftari ya kusahihisha yamejaa meza, nilijaza ubao notsi wakanakili kimya. Kimya kile kilinikinga mimi, kikawanyima wao kuongea. Na watoto husoma uso: mwalimu akiwa na wasiwasi, darasa zima linajikunja.

Kinachosaidia ni kuwaacha waongee wawili wawili kwanza, dawati kwa dawati, kabla ya kumwita yeyote. Tulipofanya hivyo, binti yule alimsimulia jirani yake habari za dagaa kwa sauti ya chini, akakosea mara mbili, akarudia. Aliposimama, mkono mmoja ulikuwa bado kwenye dawati. Ila alimaliza sentensi.