Pedali ya Breki Ikiwa Ngumu, Anza Kukagua Hewa Kabla ya Pedi

Dereva akikanyaga breki na kuhisi kama amekanyaga jiwe, wazo la kwanza huwa ni pedi. Gari linapelekwa gereji, pedi zinabadilishwa, naye anaondoka na pedali ngumu ileile. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaletewa magari ya namna hiyo mara nyingi mno, na inatuuma, kwa sababu wenyewe wameyaendesha siku kadhaa wakiamini tatizo limekwisha.

Mguu peke yake hauna nguvu ya kusimamisha upesi gari la tani moja na nusu. Husaidiwa na busta, ambayo mafundi wengine huiita haidrovaki: lile duara kubwa la bati lililoshikana na masta silinda, yaani silinda inayosukuma oili ya breki kwenda magurudumuni, mbele ya pedali. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Injini ya petroli inapovuta hewa, hunyonya pia hewa iliyomo kwenye busta kupitia mpira mnene, na pande zote mbili za kiwambo hubaki na ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. Ukikanyaga pedali, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande mmoja tu, nayo hukisukuma kiwambo mbele pamoja na mguu wako. Injini za dizeli kwa kawaida hufungiwa pampu yake ya ombwe, kwa hiyo pampu hiyo ikichoka, pedali nayo inakuwa ngumu.

Sasa vipimo. Egesha pahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono juu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu kabisa. Shikilia mguu hapohapo, kisha washa injini. Busta ikiwa nzima, pedali itazama kidogo chini ya mguu. Isipozama, msaada wa busta haupo. Kipimo hiki hakihitaji hata spana, na natamani kila mwenye gari akijue.

Cha pili: acha injini ingurume dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, halafu kanyaga. Mkanyago wa kwanza unapaswa kuwa laini, na inayofuata iwe migumu zaidi na zaidi. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, ombwe limevuja, na mara nyingi kosa liko kwenye valvu ya njia moja, ile ndogo inayoungana na mpira wa busta. Ichomoe na uipulize: hewa ipite kuelekea injini tu. Ikipita pande zote, au isipopita kabisa, badilisha.

Kagua na mpira wenyewe. Hupasuka kwenye kona na chini ya klempu, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi, kwa hiyo pitisha vidole. Wako wanaofunga mpira wa maji badala yake. Usikubali, maana mpira laini hujikunja ndani unaponyonywa na kuziba njia. Ukiuchomoa upande wa busta injini ikiwa imewashwa na kuweka kidole gumba, utahisi kidole kikivutwa kwa nguvu. Mwenye geji ya kupimia ombwe atasoma inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye injini nzima ya petroli isiyokanyagwa mafuta, na pungufu kidogo kwenye nyanda za juu. Mvuto ukiwa hafifu, usiilaumu busta: tafuta injini inapovujia hewa, au ekzosi iliyoziba.

Mvuto ukiwa mzuri na kipimo cha kwanza bado kinashindwa, basi busta yenyewe ndiyo mbovu. Mlio wa hewa karibu na miguu ambao hauishi ukiwa umeshikilia pedali, au injini kutetemeka kila ukikanyaga, huashiria kiwambo kimetoboka. Kabla ya kufunga mpya, angalia kama mna oili ya breki ndani ya ile ya zamani. Ikiwemo, masta silinda inavuja kwa nyuma, na busta mpya itaharibika vilevile.

Busta ikifaulu vipimo vyote ndipo ugeukie magurudumu. Gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine, au gari kuvuta upande, ni dalili ya kalipa (kifaa kinachobana pedi) iliyokwama au mpira wa breki uliovimba ndani. Uliza pia ni oili gani iliyojazwa. Oili ya injini ikiingia kwenye breki huvimbisha sili zote za mpira, na hapo kusafisha hakutoshi.

Pedali ikiwa ngumu ukiwa barabarani, usipampu, kwani kila mkanyago humaliza akiba ya ombwe. Kanyaga mara moja kwa nguvu zako zote, hata kwa miguu miwili, punguza gia, na uvute breki ya mkono polepole. Wala usizime injini mteremkoni ili kuokoa mafuta: baada ya mikanyago miwili mitatu busta haina kitu, na usukani nao unakuwa mzito.

Gari likitoka kwa fundi, rudia kile kipimo cha kwanza mbele yake. Kisha lijaribu kwa mwendo wa kutembea kwenye uwanja mtupu kabla hujaingia barabarani.