Je, wajua kwa nini mota ndogo ya umeme hupanda mlima ulioishinda injini ya petroli?

Aliyewahi kushuka boti Mkoani, bandari ya Pemba, anaujua ule mlima. Ukishatoka bandarini tu, barabara inakuinukia usoni, na kila chenye injini kinaanza kulalama. Ami yangu alikuwa na mopedi, Puch Maxi ya Austria, iliyofika Pemba ndani ya kontena la mitumba. Akifika pale alikuwa anafanya jambo lililotuchekesha sana sisi watoto: anaanza kupiga pedeli. Petroli inaungua, ekzosi inatema moshi wa buluu, injini inalia utadhani imebebeshwa magunia ya karafuu, na mzee wa watu bado anapiga pedeli, kanzu kaikunja mapajani.

Ndivyo mopedi zilivyo. Hata jina lenyewe, lililotungwa Uswidi mwaka 1952, ni mota na pedeli zilizounganishwa. Pedeli hazikuwekwa kwa mapambo. Waliounda vyombo hivi walijua fika kwamba kuna mahali injini ya cc 50 itamwomba mwenyewe msaada.

Leo mopedi ileile, fremu ileile na rangi yake iliyobabuka, inaupanda mlima uleule kimya kimya. Tumetoa injini, tukatia mota ya umeme ya wati 1000 ndani ya gurudumu la nyuma. Kazi yote ilifanyika uani kwa ami, chini ya mwembe. Watu wa barazani wakaja na hesabu zao: injini ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi 2 hivi, yaani wati kama 1500. Mota ina 1000. Mdogo kamshinda vipi mkubwa?

Jawabu ni kwamba wati za injini ni za ahadi. Utazipata, lakini kwa sharti.

Injini ya mopedi husukumwa na mlipuko mmoja kila inapozunguka mara moja. Kila mlipuko una msukumo mdogo tu. Nguvu inapatikana kwa wingi wake, maelfu kwa dakika. Zile wati 1500 zilizoandikwa kitabuni zipo pale tu injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Sasa fikiria mlima. Mlima unakupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, mizunguko ya injini inapungua, milipuko inakuwa michache, nguvu inashuka. Nguvu ikishuka, mwendo unazidi kupungua. Yaani unapohitaji nguvu zaidi ndipo injini inapokuwa nayo kidogo. Pikipiki kubwa hujiokoa kwa gia: dereva anarudisha gia, injini inapata kuzunguka haraka hata kama gurudumu linakwenda polepole. Maxi ya ami ina gia moja tu. Gia yake ya pili ilikuwa miguu ya ami.

Mota ya umeme imeumbwa kinyume chake. Na hapa pana siri ambayo mimi mwenyewe niliifahamu siku nilipoigusa kwa mikono.

Mota tuliyonunua ni ya aina inayokaa katikati ya gurudumu. Ndani yake akseli haizunguki. Imefungwa koili za waya wa shaba, na ganda la nje lenye sumaku ndilo linalozunguka pamoja na spoku na tairi. Zinatoka nyaya tatu nene: ya manjano, ya kijani na ya buluu. Kabla ya kuiunganisha popote, niliizungusha kwa mkono ikazunguka laini. Kisha nikazigusanisha ncha za zile nyaya tatu na kuizungusha tena. Ikagoma! Ilikuwa kama mtu ameshika breki kwa ndani. Niliziachanisha, ikalainika. Ami akaniambia nirudie, akajaribu mwenyewe, akauliza, "Betri iko wapi?" Betri haikuwepo. Ilikuwa bado dukani.

Kilichotokea ni hiki: mota ikizungushwa huzalisha umeme, sawasawa na ile dinamo ya baskeli tuliyokuwa tukiibana kwenye tairi usiku ili taa iwake. Mota na dinamo ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hivyo hata pale betri inapoizungusha mota, mota nayo inazalisha umeme wake unaosukuma kinyume na betri. Ikizunguka haraka, umeme huo wa kinyume unakuwa mkubwa, unakaribia kulingana na wa betri, na mkondo unaoingia unakuwa mdogo. Ikizunguka polepole, kizuizi kinapungua na mkondo unamiminika. Na nguvu ya kusokota gurudumu inafuata mkondo: mkondo mwingi, msokoto mwingi.

Basi rudi mlimani. Gurudumu linapunguza mwendo, kizuizi kinashuka, mkondo unapanda, msokoto unaongezeka. Hakuna gia, hakuna klachi, hakuna kupiga pedeli. Mota hupata nguvu ya kusokota hata ikiwa imesimama kabisa, hali ambayo injini hata kuwaka haiwezi.

Na mlima wenyewe hautaki nguvu nyingi kama tunavyodhani. Chukua ami na mopedi yake na betri, jumla kilo 125. Chukua mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara. Msukumo unaohitajika, pamoja na msuguano wa tairi, ni sawa na kuinua ndoo yenye lita 12 za maji. Ni hiyo tu, ila lazima uishike bila kuitua mpaka juu. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kazi hiyo inakula wati kama 800. Mota ya wati 1000 inatosha, na chenji inabaki.

Nisiwadanganye lakini. Mkondo ule mwingi wa mwendo wa polepole una deni lake, nalo hulipwa kwa joto. Ukiilazimisha mota ya gurudumuni ipande mlima mrefu kwa mwendo wa kinyonga, na umepakia mtu na gunia la mpunga, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuchemsha koili. Ndiyo maana kuna kontrola, kile kisanduku cha bati chenye mapezi kinachokaa kati ya betri na mota. Yetu imewekewa mpaka wa ampea 25. Hiyo ndiyo inayosema "basi" kabla waya haujaungua.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, kazi inayoonekana ngumu ni nyepesi, na inayoonekana nyepesi ndiyo yenye hatari.

Kwanza, tangi. Puch Maxi haina tangi la kutazamika. Petroli hukaa ndani ya fremu yenyewe, kwenye ule uti wa mgongo wa bati. Fundi mmoja alitaka kuanza kuchomea vishikio vya betri pale pale. Petroli ilikwisha mwagwa, alisema, fremu imekauka. Tangi lililomwagwa petroli ndilo baya zaidi, maana ulipobaki mvuke umechanganyika na hewa pana bomu linalosubiri cheche. Tuliiosha fremu kwa maji ya sabuni mara kadhaa, tukaiacha wazi siku nyingi, na mwisho hatukuchomea kabisa. Mashimo ya boliti yaliyokuwa yakishika injini yapo, mazima, na ndiyo yaliyobeba sanduku la betri.

Kutoa injini kulituletea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Ekseli ya pedeli katika Maxi hupita ndani ya injini. Injini ikitoka, pedeli zinakwenda nayo. Ami akakaa juu ya mopedi, miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha mkubwa. Tukamtengenezea pa kukanyagia kwa kipande cha bomba, kikafungwa kwa boliti zilezile.

Kusuka gurudumu tulimwachia fundi baskeli. Ringi ni ileile ya zamani ya inchi 17, lakini mota ni pana, kwa hivyo spoku zinakuwa fupi mno na dukani hazipatikani kwa urefu ule. Alizikata na kuzitia meno upya moja moja, zote 36. Kwa heshima yangu yote kwa wenye digrii za umeme, mtu yule ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko zote.

Halafu akseli. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, akseli nayo inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Nati peke yake haiwezi kuizuia. Ikiteleza, akseli huzunguka ndani ya nafasi yake, inapanua chuma cha fremu na kuzisokota nyaya zinazotoka katikati yake mpaka zinakatika. Dawa yake ni kipande cha chuma chenye tundu linaloibana akseli ubavuni, kikafungwa kwenye fremu. Ni kitu kidogo kama ufunguo wa boliti. Usiondoke uani bila hicho.

Nyaya tatu nene zina wenzao watano wembamba. Hao ni wa sensa, zinazoiambia kontrola sumaku zipo wapi ili ijue koili ipi ipewe umeme kwa wakati gani. Tulipowasha mara ya kwanza gurudumu lilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Tukabadilishana nyaya, likazunguka kinyumenyume. Tukabadilishana tena, mara za mota, mara za sensa, tukiandika kila tulichojaribu kwenye ganda la boksi. Rangi za nyaya za mota si lazima zilingane na za kontrola. Inua gurudumu juu unapojaribu, na usizungushe kishikio cha kuongeza mwendo hata robo kabla hujajua gurudumu linaelekea wapi.

Na usishtuke na cheche. Ukichomeka betri kwenye kontrola utasikia "pa!" na kuona mwako wa buluu. Ndani ya kontrola kuna vikombe vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyojaa kwa ghafla. Cheche hiyo ikirudiwa kila siku inaila plagi, kwa hivyo tumeweka swichi ndogo yenye kizuizi cha mkondo (rizista) inayovijaza taratibu kwanza.

Betri ndiyo roho, na ndiyo bei. Ya ami ni ya volti 48 na ampea-saa 20. Zidisha, unapata wati-saa 960, chini kidogo ya uniti 1 (wati-saa 1000) ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Lita 1 ya petroli ina nishati ya uniti kama 9. Maana yake, betri nzima ina nishati sawa na petroli ya vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo vya barazani. Vikombe viwili! Petroli hiyo ingeisukuma Maxi kilomita 5 hivi ikazima, kwa sababu sehemu kubwa yake hutoka kama joto na kelele. Betri inaipeleka kilomita 30 na zaidi, maana mota hupoteza kidogo sana. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30. Kwa hivyo ami anafika, anachaji kwa mkwewe huku wakizungumza, anarudi.

Kwa joto letu, mimi nasimama upande wa betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, seli 16 za volti 3.2 kila moja (jumla ni volti 51 hivi, lakini dukani huitwa betri ya 48). Ni nzito kuliko lithiamu za aina nyingine kwa kilo kadhaa, lakini zinastahimili joto na haziwaki moto kirahisi. Betri nne za risasi za volti 12 ni rahisi kununua, ila peke yake zina uzito wa zaidi ya kilo 25, na mlima hausahau kilo. Aina yoyote ya lithiamu iwe na bodi ya ulinzi, na usiichaji chini ya kitanda wala mlangoni pa kutokea.

Breki nusura tuisahau. Gurudumu la zamani lilikuwa na breki ya ndani, na mota nyingi za bei nafuu hazina. Kushuka mlima wa Mkoani kuelekea baharini kwa breki ya mbele peke yake ni kutafuta kuzama na chombo. Nunua mota yenye pa kufungia breki. Na kwa kuwa kadi ya chombo huandikwa nambari ya injini, nenda kaulize ofisini mapema kuliko kusimamishwa njiani na kuanza kueleza injini imekwenda wapi.

Adui wa mwisho ni chumvi. Upepo wa bahari huifanya shaba iote ukungu wa kijani ndani ya miezi michache, na kiunganishi chenye ukungu kinapata moto. Tulivipaka viunganishi grisi, tukaelekeza matundu yote chini.

Juzi nilikuwa bandarini nikimsubiri mgeni, nikamwona ami anapanda. Hakuna moshi wala kelele, kuku hawakujua hata kukimbia, ikambidi apige kengele ya baskeli. Alipofika pale pakali zaidi, nikaona miguu yake inacheza juu ya kipande cha bomba, mmoja mbele mmoja nyuma, inatafuta pedeli.