AdBlue, pampu na nozeli: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

"Ni dawa ya dizeli, ukikosea tangi haina neno."

Ina neno, tena kubwa. AdBlue, maji ya kusafishia moshi wa magari ya dizeli, haichanganywi na dizeli na haipiti ndani ya injini hata tone. Ni urea asilimia 32.5 na maji yasiyo na madini asilimia 67.5, basi. Ina tangi lake, pampu yake, na nozeli inayoinyunyiza kwenye bomba la ekzosi wakati moshi umeshatoka injini. Joto la moshi huigeuza urea kuwa amonia. Amonia nayo hukutana na oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, kwenye katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kinachotoka nje ni nitrojeni na mvuke wa maji.

Dizeli kidogo tu ikiingia kwenye tangi la AdBlue, mipira ya ndani ya pampu, ambayo imetengenezwa kuvumilia urea na si mafuta, huvimba na kuharibika. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: AdBlue ni nzito kuliko dizeli, hivyo hutulia chini ya tangi la mafuta na kuvutwa kuelekea pampu na sindano za injini. Ukigundua umekosea, usiwashe gari. Usifungue hata ufunguo, maana kwenye magari mengi pampu ya mafuta huanza kuvuta papo hapo.

"Urea ni urea. Mbolea na maji ya bomba vinatosha."

Kwa hesabu hiyo hata mkojo ungefaa, kwani nao una urea kiasi cha asilimia 2. Shida haiko kwenye urea, iko kwenye vilivyofuatana nayo. Mbolea huwa na biureti, uchafu utokanao na urea yenyewe, nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na maji ya bomba yana kalsiamu na chumvi nyingine. Madini hayo hayaungui wala hayapotei hewani. Huganda kwenye tundu la nozeli na kufunika uso wa katalisti. Ndiyo maana kipo kiwango cha ISO 22241, kinachobana si nguvu ya mchanganyiko peke yake bali pia usafi wake.

Kuna fundi atakayetoa refraktomita, kifaa cha kupima nguvu ya mchanganyiko, aone 32.5, aseme maji ni mazima. Kipimo hicho kinaonyesha urea ni kiasi gani. Uchafu hakiuoni.

"Nozeli ikiwa na unga mweupe, imekufa."

Hapa ndipo vipuri vizima vinapotupwa ovyo. Unga mweupe ni urea iliyokauka. Ukiwa kwa nje, kwenye kiungio cha bomba, unakuambia pana uvujaji mdogo: sili imechoka au kiungio hakikukaza. Maji ya uvuguvugu huuyeyusha. Petroli, dizeli na dawa za kuondoa grisi ziweke mbali.

Ndani ya bomba la ekzosi mambo ni mengine. Moshi usipopata joto la kutosha, urea haigeuki yote kuwa amonia. Hujenga biureti na asidi ya sianuriki, mawe magumu ambayo maji hayayawezi kwa urahisi. Lori linalounguruma limesimama saa nyingi, au linalokwenda hatua fupi fupi bila mzigo, hujaza mawe hayo hata kama nozeli ni mpya kabisa. Ukibadilisha nozeli na kuacha mwendo uleule, utarudi gereji na tatizo lilelile.

"Taa imewaka, badilisha pampu."

Kompyuta ya gari inapolalamika kwamba oksidi za nitrojeni hazipungui, haijasema pampu ni mbovu. Huenda sensa ya NOx, inayopima oksidi hizo, imechoka, ekzosi inavuja kabla ya sensa, filta imeziba, au AdBlue yenyewe imezeeka; ikihifadhiwa kwenye joto la nyuzi 30 inatarajiwa kudumu takriban miezi 12, na kwenye nyuzi 35 miezi 6 tu. Tena urea ina tabia ya kutambaa: hupenya kwenye soketi na kula shaba ya waya polepole. Mimi ningechomoa soketi kwanza, nitazame kama kuna kijani au weupe kwenye pini, kabla ya kugusa bolti moja ya pampu.

"Funga kiboksi cha kuidanganya kompyuta, gari litapata nguvu."

Halipati. Injini imepangwa ichome mafuta kwa joto kali kwa sababu kuna katalisti nyuma ya kusafisha. Ukiuzima mfumo wa AdBlue, moto ni uleule; moshi mchafu ndio unaotoka mzima. Na pampu inayokaa na urea ndani bila kufanya kazi hujaa fuwele.

"Nikizima injini, mfumo nao umezimika."

Bado. Kwenye malori mengi, injini ikizimwa pampu huendelea kidogo, inarudisha AdBlue kwenye tangi ili mabomba na nozeli zibaki tupu. AdBlue ikibaki humo hukauka kuwa fuwele, au huganda kuwa barafu, baridi ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri. Dereva anayekata swichi kuu ya betri mara tu injini inaponyamaza anaikatiza kazi hiyo kila siku. Subiri dakika chache, au muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye gari lisilo na kelele nyingi unaweza kuisikia pampu ikivuma. Ikinyamaza, kata swichi.