Ghuba ya Nyangumi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi wanaoisoma habari ya Ghuba ya Nyangumi, iliyokuwa kusini kabisa mwa Bahari ya Ross huko Antaktika, hudhani kuwa ilikuwa ghuba kama nyingine, yaani maji yaliyoingia katika nchi kavu yenye miamba na fukwe. Ukweli ni kwamba kuta zake zilikuwa barafu tupu, na barafu hiyo ilikuwa ikielea. Bamba la Barafu la Ross, yaani tandiko nene la barafu linaloelea huku limeungana na bara, ambalo eneo lake linakaribia lile la nchi ya Ufaransa, husogea taratibu kuelekea baharini. Linapokutana na Kisiwa cha Roosevelt, kilichofunikwa chote na theluji, mwendo wake hugawanyika pande mbili, na mbele ya kisiwa hubaki pengo. Pengo hilo ndilo lililokuwa ghuba, na mdomo wake ulipanuka au kubanwa kadiri barafu za pande hizo mbili zilivyosogea.

Dhana ya pili humfanya Roald Amundsen, Mnorwe aliyeongoza msafara wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, kuwa mgunduzi wa mahali hapo. Baharia Mwingereza James Clark Ross alikwisha kuuona ukingo wa bamba hilo mwaka 1841, na aliyeipa ghuba jina lake ni mvumbuzi Ernest Shackleton, tarehe 24 Januari 1908, kwa sababu ya nyangumi wengi aliowakuta humo. Tukio hilo lastahili kuelezwa vizuri zaidi kuliko linavyoelezwa kwa kawaida. Mwaka 1902, akiwa katika msafara wa Mwingereza Robert Scott, Shackleton alipaa kwa puto katika hori dogo la jirani. Aliporudi miaka sita baadaye akitaka kujenga kambi, alikuta hori hilo limetoweka kwa kumeguka kwa barafu. Aliogopa, akaondoka. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa ulimwongezea safari.

Amundsen alifikiri kinyume chake. Kwa kuwa pengo lililoonwa na Ross lilikuwa bado lipo baada ya miaka 70, aliamini kwamba barafu ya hapo imekalia ardhi, akajenga kambi ya Framheim mwaka 1911, karibu digrii moja kusini zaidi ya kambi ya Scott, aliyekuwa akishindana naye kufika Ncha ya Kusini. Hapa ndipo dhana ya tatu ilipozaliwa, kwa maana baadhi ya waandishi bado husema kuwa kambi hiyo ilisimama juu ya nchi kavu. Ukweli ni kwamba watu tisa walipitisha majira yote ya baridi juu ya barafu inayoelea, na watano kati yao wakafika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Ardhi aliyoihisi Amundsen ilikuwepo kweli, lakini mbali zaidi kusini, chini ya Kisiwa cha Roosevelt, ambacho kiligunduliwa na msafara wa Mmarekani Richard Byrd mwaka 1934.

Wapo pia wanaodhani kwamba ghuba hiyo bado inaweza kutembelewa. Mwaka 1987 kipande kikubwa cha barafu, chenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, kilikatika na kuondoka na umbo la ghuba hiyo. Hata kabla ya hapo barafu ilikuwa ikiondoka na vitu vilivyoachwa na wanadamu: mwaka 1963 mabaharia wa meli ya Marekani waliona nguzo za kambi moja ya Byrd zikichomoza katika kipande cha barafu kilichokuwa kikielea baharini, mamia ya kilomita kutoka pale zilipochimbiwa.